Vipimo vipya vya damu visiwasahaulishe wagonjwa wa anjaina vile vya kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wa Nyanda za Juu Kusini, hasa waliovuka umri wa miaka hamsini, nalo ni biashara inayokua ya vipimo vya damu vinavyodaiwa kutabiri nani atapatwa na shambulio la moyo na nani atasalimika. Nimefanya kazi ya maabara ya hospitali hadi kustaafu, kwa hiyo siandiki kama adui wa vipimo, kwani vimenilisha na vimesomesha watoto wangu. Ninachopinga ni mgonjwa ambaye tayari ana anjaina kuuziwa kipimo ambacho majibu yake, yawe juu au yawe chini, hayatabadilisha hata kidonge kimoja katika dawa anazotumia, huku vipimo vya kawaida ambavyo vingebadilisha tiba yake havijafanyika tangu mwaka juzi.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Anjaina si shambulio la moyo. Ni maumivu, au mara nyingi zaidi mbano na uzito katikati ya kifua, ambao huweza kupanda hadi kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, na ambao humjia mtu pale moyo wake unapodai damu nyingi kuliko ile ambayo mishipa iliyojengeka mafuta inaweza kuipitisha. Mtu akisimama na kupumzika, au akiweka kidonge chake chini ya ulimi, hutulia baada ya dakika chache. Daktari Mwingereza William Heberden, aliyeueleza ugonjwa huu mbele ya madaktari wenzake wa London mwaka 1768, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1772, aliona kwamba huwashika watu wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na wakiwa wametoka kula. Wakazi wa Iringa wanaopanda kwa miguu kutoka Ipogolo kwenda mjini wanaijua hali hiyo bila kumsoma Heberden. Moyo wa namna hii ni kama lori lililozidishiwa mzigo, ambalo kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni linakwenda bila taabu, na udhaifu wa injini yake hauonekani mpaka lianze kuukwea mlima Kitonga. Baridi nayo huzidisha mambo, kwa sababu hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na ndiyo maana mgonjwa wa Makete au Njombe anaweza kupita Februari yote akiwa salama, kisha Juni na Julai akawa anashika kifua kila alfajiri anapotoka nje.

Wengi wa wagonjwa hawa hufika hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya kutibiwa vidonda vya tumbo, gesi au kichomi kwa muda mrefu. Hilo ni somo la barua nyingine. Hapa nawazungumzia wale ambao daktari amekwisha kuwaambia kwamba maumivu yao yanatoka moyoni, na ambao sasa wanataka kujua, kwa haki kabisa, hatari iliyo mbele yao ni kubwa kiasi gani.

Ni kwenye kiu hiyo ya kujua ndipo matangazo yanapoingia. Stendi za mabasi, makundi ya WhatsApp na hata viwanja vya nyumba za ibada sasa vina mabango ya uchunguzi wa mwili mzima, na ndani ya vifurushi hivyo huorodheshwa majina ambayo hata wahudumu wengi wa afya hawakuyasikia chuoni. (Siwahesabu hapa wale wanaomshikisha mtu kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta na kumchapishia kurasa nzima za magonjwa, hicho si kipimo cha damu, wala si kipimo cha kitu chochote.) Nawazungumzia wenye maabara halali, mashine halali na majibu sahihi, ambao kosa lao liko kwenye kile wanachodai kwamba majibu hayo yanamaanisha.

Mtu mwenye anjaina tayari amo katika kundi la hatari kubwa. Zile chati za Shirika la Afya Duniani zilizoboreshwa mwaka 2019, ambazo zina toleo mahususi kwa ukanda wetu wa Afrika Mashariki na hata namna ya kuzitumia bila kipimo chochote cha damu, zilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao moyo wao haujaonyesha dalili. Mgonjwa wa anjaina akilipa fedha ili aandikiwe kwenye karatasi kwamba yuko kwenye hatari, ameuziwa habari aliyokuwa nayo alipoingia mlangoni. Swali lenye maana kwake ni jingine, yaani kati ya wagonjwa wenye maumivu kama yake, yeye yuko upande wa wale wanaoishi miaka mingi bila tatizo au upande wa wale wanaohitaji kuangaliwa kwa haraka.

Swali hilo limefanyiwa kazi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha Uingereza alama za kukadiria hatari zilizotokana na wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye anjaina tulivu waliofuatiliwa kwa karibu miaka 5, na walipokwisha kuchambua kila walichokuwa nacho, vigezo 16 vilibaki vinatosha kumpanga mgonjwa mahali pake. Mgonjwa aliyekuwa katika sehemu ya kumi ya chini kabisa alikuwa na uwezekano wa asilimia 4 wa kufa au kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 5, na aliyekuwa katika sehemu ya kumi ya juu kabisa alikuwa na asilimia 35. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ilipatikana kwa mambo kama umri, jinsia, sigara, kisukari, shinikizo la damu, historia ya shambulio la moyo au kiharusi, nguvu ya moyo kusukuma damu, kipimo cha umeme wa moyo, idadi ya dawa za anjaina anazotumia mgonjwa, na kama maumivu yanamjia walau mara moja kwa wiki. Vigezo vilivyohitaji sindano ya damu vilikuwa vitatu tu, navyo ni chembe nyeupe, sukari na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Narudia, Mhariri, kwa sababu nimekuta hata wenzangu wa maabara hawaamini: chembe nyeupe, sukari na kreatinini, vipimo ambavyo hospitali ya wilaya yenye vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, inavifanya asubuhi na kutoa majibu kabla ya saa sita mchana.

Nikisema hivyo lazima niongeze tahadhari moja, nisije nikaonekana nabeba takwimu za Ulaya na kuzitua Mbalizi kama zilivyo. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara huwa na chembe nyeupe pungufu kuliko Wazungu, na ni afya yao ya kawaida inayotokana na urithi wa kijeni, kwa hiyo kiwango kinachohesabika kuwa cha chini na cha kutia moyo kule kinaweza kuwa cha kila siku huku. Kwa upande mwingine maambukizi ya kawaida hupandisha chembe hizo, na mtu mwenye jipu atapewa hatari ya moyo asiyokuwa nayo. Kreatinini haina utata wa kiasi hicho. Figo zinazoanza kuchoka ni miongoni mwa dalili zenye nguvu kwamba mishipa ya mwili mzima ina shida, na zaidi ya kutabiri, kipimo hiki humsaidia daktari kuchagua dawa na dozi. Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta katika kipimo.

Sasa niingie kwenye vipimo vyenyewe vinavyotangazwa, nikianza na kile ninachokiona kinatumika vibaya zaidi, yaani CRP. Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na mpaka leo kazi yake kubwa hospitalini ni hiyo ya kuonyesha kwamba mwili unapambana na maambukizi au uvimbe fulani. Ini huitengeneza kwa wingi ndani ya saa chache. Baadaye zilipatikana mbinu za kuipima kwa unyeti wa juu, ikaonekana kwamba hata viwango vidogo vinavyodumu vinaendana na hatari ya moyo, kwa sababu mafuta yaliyojengeka kwenye mishipa hayakai kimya, bali huambatana na uvimbe wa chini kwa chini. Chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa hatari ndogo, kati ya 1 na 3 ya wastani, na zaidi ya 3 kubwa. Lakini ikizidi 10, kanuni inasema tafuta kwanza maambukizi au jeraha, halafu rudia kipimo mgonjwa akiwa amepona.

Ni sentensi hiyo ya mwisho inayosahauliwa. Jirani yangu mmoja, mkulima wa viazi mwenye anjaina ya miaka kadhaa, aliniletea karatasi ya majibu iliyokunjwa mara nne ndani ya kadi yake ya kliniki. Mashine ilikuwa imechapisha CRP 18, pembeni kuna herufi H ya kuonyesha kwamba kiwango kiko juu, na mtu fulani alikuwa ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Alikuwa ameambiwa kwamba mishipa yake imewaka moto na anaweza kuanguka wakati wowote, kisha akauziwa makopo ya unga wa lishe ya kutosha mwezi mzima. Alipokuwa akinieleza hayo, shavu lake la kulia lilikuwa limevimba na maneno yakimtoka kwa shida, kwa sababu alikuwa na jino bovu lililotunga usaha. Nilimwambia aanze kwa daktari wa meno. Kipimo kiliporudiwa wiki kadhaa baada ya jino kung'olewa kilisoma 2, nazo dawa zake za moyo zilikuwa zilezile kabla ya jino, wakati wa jino na baada ya jino.

Sisemi kwamba uvimbe wa mishipa ni hadithi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu lilionyesha kwamba dawa ya sindano ya kutuliza uvimbe ilipunguza mashambulio kwa takriban asilimia 15, ingawa iliongeza maambukizi yanayoua. Na mwaka 2020 kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 31 katika wagonjwa 5,522 wenye ugonjwa sugu wa mishipa ya moyo. Haya ni mambo ya kufurahisha, na huenda siku moja yakaifanya CRP kuwa kipimo cha kuamua nani apewe dawa gani. Hata hivyo uchunguzi wa kijeni umeonyesha kwamba CRP yenyewe haisababishi ugonjwa wa moyo, ila ni shahidi tu, na katika maeneo ambayo malaria, kikohozi, majeraha ya shambani na meno mabovu ni mambo ya kila wiki, shahidi huyu anaitwa kwenye kesi nyingi mno kwa wakati mmoja.

NT-proBNP, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo uliolemewa, ina hadhi kubwa zaidi machoni pangu. Homoni inayohusiana nayo iligunduliwa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, lakini hutengenezwa hasa na misuli ya moyo inapovutwa kwa kulemewa. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2005 uliowafuatilia kwa takriban miaka 9 wagonjwa 1,034 wenye ugonjwa tulivu wa mishipa ya moyo uliona kwamba wenye kiwango kikubwa walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya kuzingatia umri, kisukari na mengineyo. Kwa mgonjwa wa anjaina ambaye sasa anakosa pumzi akilala au miguu inavimba, kipimo hiki kina thamani, na pale ambapo foleni ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ni ndefu kinaweza kuamua nani atangulie. Kwa yule ambaye hana dalili hizo na anapanda ngazi bila kuhema, sioni sababu ya kumtoza, na lazima msomaji wa majibu akumbuke kwamba umri mkubwa na figo dhaifu hukipandisha, na unene hukishusha.

Troponini ndiyo inayostahili maneno mengi zaidi. Ni protini ya msuli wa moyo, na seli za moyo zinapokufa humwagika kwenye damu, ikianza kuonekana ndani ya saa chache. Vipimo vya unyeti wa juu huikamata hata katika watu wasio na shambulio lolote, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwa wagonjwa 3,679 wenye ugonjwa tulivu, viwango vidogo vya troponini T vilivyo ndani ya kile kilichohesabiwa kuwa kawaida viliendana na vifo vya moyo na moyo kushindwa kufanya kazi, ingawa havikutabiri vizuri nani atapata shambulio la moyo. Kisayansi hilo ni jambo kubwa. Kwa mgonjwa anayelala kijijini Uwemba au Matamba, kazi ya troponini ni nyingine kabisa, nayo ni ile ya usiku ambao maumivu aliyoyazoea yanakataa kutulia.

Usiku huo ndipo makosa hufanyika. Mgonjwa hufika saa moja baada ya maumivu kuanza, kipande cha kipimo cha haraka kinasoma hasi, naye anarudishwa nyumbani akiwa na dawa ya tumbo. Vipimo hivyo vya haraka vina unyeti mdogo, na damu iliyochukuliwa mapema haiwezi kuonyesha kitu ambacho bado hakijamwagika, kwa hiyo hasi ya saa moja ya kwanza haina uzito mpaka kipimo kirudiwe baada ya saa kadhaa huku kipimo cha umeme wa moyo kikirudiwa pia. Isitoshe, kuna anjaina isiyo tulivu, ile inayomjia mtu akiwa amekaa au inayozidi siku hadi siku, ambayo kwa maana yake yenyewe haipandishi troponini, nayo ni ya hatari na inataka kulazwa. Kwa upande wa pili, figo zilizoshindwa, maambukizi makali, donge la damu kwenye mapafu na uvimbe wa msuli wa moyo vyote vinaweza kuipandisha bila mshipa wa moyo kuziba. Kinachotofautisha ni mwendo wa namba kutoka sampuli ya kwanza hadi ya pili, na hapo inabidi mtu aangalie vipimio pia, kwani 0.014 iliyoandikwa kwa nanogramu kwa mililita na 14 iliyoandikwa kwa nanogramu kwa lita ni kitu kimoja.

Nikiwa hapo niseme neno juu ya kimeng'enya cha CK na ndugu yake CK-MB, ambavyo bado vinatumika kwenye baadhi ya maabara zetu kama kipimo cha moyo. CK hutoka kwenye msuli wowote uliofanya kazi, na watu weusi kwa kawaida wanayo nyingi kuliko Wazungu. Ukimpima kijana anayepakia lumbesa za viazi kwenye malori pale njia panda, utamkuta na CK ya kumtisha daktari asiyejua kazi yake ni nini.

Vingine nitavipita haraka. Lipoprotini (a), chembe ya kubeba mafuta kwenye damu aliyoigundua Kåre Berg wa Norway mwaka 1963, hurithiwa, huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na inatosha kupimwa mara moja katika maisha. Mwenye uwezo na mwenye ndugu waliokufa kwa moyo wakiwa vijana apime, wengine wasikose usingizi. Homosisteini, asidi amino iliyomo kwenye damu, ilitikisa dunia kwa muda, mpaka majaribio, likiwamo la Norway la mwaka 2006 lenye wagonjwa 3,749 waliotoka kupata shambulio la moyo, yakaonyesha kwamba vitamini B huishusha namba bila kupunguza mashambulio. Bado inauzwa kwenye vifurushi. Na kuna watafiti wa Copenhagen waliochukua viashiria vipya 12 kwa pamoja na kuvijaribu kwa wagonjwa wenye ugonjwa tulivu wa mishipa ya moyo waliofuatiliwa kwa miaka 10. Vilipoongezwa juu ya taarifa za kawaida za kliniki, viliongeza usahihi wa utabiri kidogo tu. Kama viashiria 12 kwa pamoja, katika nchi yenye kumbukumbu za kila raia, viliongeza kidogo, tusitarajie kimoja kilichopimwa mara moja chini ya hema kitatufanyia muujiza.

Baada ya yote hayo kipimo ninachokililia ni cha zamani, nacho ni cha mafuta kwenye damu, hasa LDL, ile kolesteroli mbaya inayojengeka kwenye mishipa. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio la nchi za Skandinavia lililowachukua wagonjwa 4,444 wenye anjaina au waliowahi kupata shambulio la moyo, na waliopewa simvastatini, mojawapo ya dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini, walishuka LDL kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 30 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hao ndio wagonjwa wetu hasa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka mgonjwa wa namna hii ashushe LDL yake angalau kwa nusu na ifike chini ya milimoli 1.4 kwa lita, na hapo unaona thamani ya kipimo: LDL isiposhuka, ama dozi ni ndogo, ama mgonjwa hamezi, ama inahitajika dawa ya pili. Kila jibu lina hatua yake.

Hata kipimo hiki cha zamani kina mitego yake. Mama mmoja alinionyesha majibu mawili ya kolesteroli kutoka maabara mbili za mji mmoja, moja likisoma 4.9 na jingine 190, naye alikuwa na hakika kwamba ugonjwa umepanda karibu mara arobaini ndani ya miezi mitatu. Zilikuwa namba zilezile, moja kwa milimoli kwa lita na nyingine kwa miligramu kwa desilita, ukizidisha 4.9 kwa 38.67 unaipata 190 yake. Maabara nyingi pia hazipimi LDL moja kwa moja bali huikokotoa kwa kanuni ya mwaka 1972 ambayo haifai pale ambapo trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zimezidi milimoli 4.5 kwa lita, kwa hiyo mtu aliyelala na ulanzi na kitimoto anaweza kupewa LDL isiyo yake. Na wapo wale ambao majibu mazuri ndiyo yanayowaponza: LDL imeshuka, mgonjwa anahesabu amepona, anaacha vidonge, na ndani ya wiki chache inarudi ilikokuwa, kwa kuwa kilichoshuka kilikuwa kimeshikiliwa na dawa.

Wingi wa damu na sukari ya miezi mitatu, yaani kipimo cha wastani wa sukari kwa muda huo, vinaingia kwenye kundi hilohilo. Upungufu wa damu unaweza kuamsha anjaina iliyokuwa imelala, na mara nyingine kutibu minyoo na ukosefu wa madini ya chuma humpunguzia mtu maumivu kuliko kumwongezea dawa ya tatu ya moyo. Kwetu tunaoishi mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kiwango cha wingi wa damu cha kulinganisha nacho hupandishwa kidogo, jambo ambalo fomu nyingi za majibu hazilioneshi. Sukari ya miezi mitatu nayo inaweza kupotosha kwa mwenye selimundu, kwa sababu chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida, na huyo ni afadhali afuatiliwe kwa sukari ya kidole na ya asubuhi kabla ya kula.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana shinikizo la juu la damu, na mashine ya kulipima haihitaji kitendanishi. Naomba kwa hiyo wanaopanga vitita vya huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wahakikishe kwamba mgonjwa wa anjaina anapata bila kuongeza fedha mfukoni vipimo vya mafuta, kreatinini, sukari na wingi wa damu angalau mara moja kwa mwaka, LDL irudiwe wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha statini, na statini yenyewe iwepo dirishani kila mwezi. Naomba troponini iwepo saa 24 katika hospitali za rufaa za mikoa na za wilaya, na ipangiwe bajeti ya sampuli mbili kwa kila mgonjwa, kwa sababu kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800, na uamuzi wa nani apelekwe lazima ufanyike huku. Wakuu wa maabara nao waache kuruhusu sampuli zitikiswe juu ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi kwa saa nzima, kisha watoe jibu bila kuandika kwamba chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka.

Ombi la mwisho nalielekeza kwako, Mhariri. Gazeti lako linapopokea tangazo la uchunguzi wa moyo kwa kipimo cha damu, limtake mtangazaji aandike jina la kipimo, bei yake, kinawafaa wagonjwa gani, na daktari atafanya nini tofauti majibu yakiwa juu. Atakayeshindwa kulijaza hilo la nne arudishiwe tangazo lake.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Iringa